Wakili Anapofika, Mengi Yameshaandikwa

Maswali ya wasomaji kuhusu kesi za jinai

Barua za mwezi huu zimetoka Uyole, Tukuyu, Mafinga, Kyela, Ilula na Iringa mjini, na karibu zote zinahusu ndugu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai na familia isiyojua ishirikiane vipi na wakili. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika ameeleza kila hatua kwa uangalifu, na makosa yaliyofanyika katika hatua hizo ndiyo ninayokutana nayo kila mara katika kazi hii. Majina na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa.

*Shikamoo wakili. Mdogo wangu ana miaka 24 na anaendesha bodaboda hapa Uyole. Alhamisi moja asubuhi polisi walimchukua kijiweni wakisema usiku ule alibeba watu waliovunja duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa. Mlinzi wa duka la jirani anasema alimwona na kumtambua, ingawa ilikuwa usiku wa manane na kulikuwa na ukungu. Alikaa kituoni mpaka Jumatatu ndipo akapelekwa Mahakama ya Wilaya, akasomewa shtaka la kuvunja jengo na kuiba, akakana. Sasa yuko mahabusu katika Gereza la Ruanda kwa sababu barua za wadhamini wetu zilikuwa na kasoro. Ameniambia kwamba siku ya Jumamosi, akiwa kituoni, alitia saini karatasi ambazo hakuzisoma. Ameniambia pia kwamba mmoja wa abiria wale wawili anamfahamu kwa kuwa walisoma pamoja, lakini amenikataza nisimwambie wakili, eti wakili akijua atamwona mwizi. Baba mdogo anasema tuuze shamba tulete wakili kutoka Dar es Salaam. Mama anasema mtu asiye na kosa hana haja ya wakili. Tumeambiwa tarehe ijayo itakuwa PH. Tufanye nini?*
*Dada wa mshtakiwa, Uyole, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Nianze na dhamana, kwa kuwa mshtakiwa aliye nje anaweza kumpeleka wakili wake mahali palipotokea tukio, kumtafuta shahidi na kukumbuka mambo akiwa ametulia, na yote hayo ni magumu kwa mtu anayeonana na wakili kwa dakika chache gerezani. Shtaka la mdogo wako lina dhamana. Halimo katika kundi la makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, ambayo sheria imeyafungia mlango huo. Barua kukataliwa siku ya kwanza hakukumwondolea haki hiyo, na mnaweza kuwapeleka wadhamini wengine, au walewale wakiwa na barua zilizorekebishwa. Nenda masjala ya mahakama umuulize karani masharti yaliyoandikwa katika jalada: wadhamini wangapi, bondi ya kiasi gani, na kama inahitajika mali isiyohamishika. Kisha hakikisha kwamba barua ya mtendaji ina muhuri, na kwamba jina lililomo linalingana herufi kwa herufi na lile la kitambulisho cha NIDA. Nimeshuhudia mdhamini mwaminifu kabisa akirudishwa kwa sababu mtendaji aliandika jina analoitwa kijijini na kitambulisho kikasema jina la ubatizo. Si lazima msubiri tarehe ya kutajwa, kwa kuwa wakili anaweza kuiomba mahakama itoe amri ya kumtoa mahabusu ili aletwe mapema kwa ajili ya dhamana tu. Masharti yakiwa mazito kupita uwezo wenu, mwambieni wakili ayaombee nafuu, maana sheria inataka kiwango cha dhamana kisipite kiasi, na Mahakama Kuu inaweza kuombwa kukipunguza. Dhamana yenyewe haiuzwi, iwe ya polisi au ya mahakama. Anayeomba fedha ili "asaidie" dhamana anaomba rushwa.

Sasa tuje kwenye karatasi zilizotiwa saini Jumamosi. Kwa maelezo yako, hayo ni maelezo ya onyo, yaani maelezo ambayo polisi huyaandika baada ya kumwonya mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa mtuhumiwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla na wakati wa kuhojiwa, na inaweka muda wa msingi wa kumhoji, ambao ni saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi. Muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa, na baadhi ya nyakati, kama ule wa kumsafirisha mtuhumiwa au wa kuwasiliana na wakili, haziingii katika hesabu. Mdogo wako alikamatwa Alhamisi asubuhi na maelezo yakaandikwa Jumamosi. Hapo pana hoja nzito ya kisheria, na ningesikitika sana kuiona ikipotea kwa sababu familia iliona ni jambo dogo lisilofaa kumsumbua nalo wakili.

Hoja hiyo hupotea kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Pingamizi dhidi ya maelezo ya onyo hutolewa pale shahidi wa upande wa mashtaka anapoomba yapokelewe kama kielelezo. Mshtakiwa akinyamaza wakati huo, halafu wiki nyingi baadaye akasimama kujitetea na kusema kwamba alipigwa au kwamba hakuyasoma, mahakama huona amebuni jambo hilo baada ya maji kumwagika. Akipinga kwa wakati kwamba hakuyatoa kwa hiari, mahakama husimamisha kwanza kesi ya msingi na kuchunguza namna maelezo yalivyopatikana, na ni jukumu la upande wa mashtaka kuthibitisha hiari hiyo. Hoja ya muda hutazamwa pamoja na mazingira ya upelelezi, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba maelezo yatatupwa. Ninachoweza kusema ni kwamba wakili atakayeifahamu mapema ataweza kuuliza maswali yake kwa mpangilio. Basi chukua daftari leo, uandike alikamatwa saa ngapi, nani walikuwapo kijiweni, mlimpelekea chakula siku zipi na askari gani aliyewapokea, alihojiwa mara ngapi, karatasi zilikuwa ngapi, alisomewa au hakusomewa, na kama alikuwa na jeraha au alipelekwa hospitali. Andika pia kwamba alifikishwa mahakamani siku ya tano, ilhali sheria inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe ndani ya saa 24 inapowezekana. Kumbukumbu ya mtu huchakaa haraka, na kesi zetu huahirishwa mara nyingi.

Suala la abiria anayefahamika ndilo lililonifanya nichague barua yako. Mdogo wako anadhani wakili ni hakimu wa pili, na kwamba lazima kwanza amshawishi kuwa yeye ni msafi ndipo amtetee vizuri. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimtetea kijana mmoja aliyeniambia kwamba hakuwahi kumwona mshtakiwa mwenzake maishani mwake. Nikamhoji shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, kwa ukali juu ya msingi huo, nikimwonyesha kuwa mtu anayebahatisha, mpaka shahidi huyo akaeleza kwa utulivu kwamba vijana wale wawili waliwahi kupanga chumba kimoja, akamtaja mwenye nyumba. Mteja wangu alikuwa akitazama sakafu. Yawezekana kabisa hakushiriki lile kosa, na moyoni mwangu nilikuwa na sababu za kuamini hivyo, lakini baada ya dakika ile kila neno lake lilibeba kivuli cha uongo ule mmoja, nami sikuwa na namna ya kumsaidia kwa kuwa swali lililomwumiza nilikuwa nimeliuliza mwenyewe.

Kumfahamu mtu si kosa la jinai. Dereva wa bodaboda wa Uyole anafahamiana na nusu ya abiria wake. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba alijua wale watu wanakwenda kuvunja, au kwamba alikubaliana nao, na utetezi wa kweli wa kijana huyu unaelekea kuwa hapo hapo: alibeba, alilipwa nauli, hakujua. Utetezi huo unasimama vizuri hata kama walisoma pamoja, ila utaanguka iwapo atakana kumfahamu halafu kumbukumbu za simu au mwalimu wa zamani aseme vingine. Mwambie pia kwamba Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamzuia wakili kutoa nje mambo aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo bila idhini ya mteja. Mpaka wa siri hiyo ni pale mteja anapomtumia wakili kupanga uhalifu, au wakili anapoona uhalifu au udanganyifu ukitendwa baada ya kuanza kumhudumia. Mambo yaliyokwisha kutokea yakielezwa ofisini au gerezani hubaki kati yao wawili. Kwa upande wake, wakili hatakubali kumpanga shahidi aseme uongo, na anayekubali kufanya hivyo atamtumbukiza mteja katika shimo refu zaidi. Kama mdogo wako angekuwa na hoja ya kwamba hakuwa eneo la tukio kabisa, hiyo nayo ingehitaji kutolewa taarifa mapema kabla ya kesi kusikilizwa, kwa maana mahakama ina uhuru wa kutoipa uzito hoja ya kuwa mahali pengine inayoibuka mwishoni.

Kuhusu mlinzi, usikate tamaa. Mwaka 1980, katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ndiyo maana mlinzi ataulizwa alimwona kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga wa nini, kama kulikuwa na kitu kilichozuia macho, na kama alimfahamu kabla. Wewe umetaja usiku wa manane na ukungu kana kwamba ni mambo ya kupita, na kwangu hayo ndiyo mambo ya kumpeleka wakili Mwanjelwa saa ileile ya usiku, asimame aliposimama mlinzi, aone taa ipo wapi na inamulika nini. Jambo la kwanza mlinzi alilowaambia polisi nalo lina uzito mkubwa. Kama alimfahamu kijana, alimtaja jina au umbo na mavazi mara moja, au alimtambua baada ya kusikia amekamatwa?

PH mliyoambiwa ni usikilizwaji wa awali. Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kesi, na mshtakiwa huulizwa yapi anayakubali na yapi anabishania. Yanayokubaliwa huandikwa na kutiwa saini, na tangu hapo huhesabiwa kuwa yamethibitishwa, hakuna shahidi atakayehitajika kuyaeleza. Vijana wengi wa kwetu, kwa adabu tu ya kumwitikia mkubwa, hujibu "ndiyo, mheshimiwa" kwa kila sentensi. Akubali jina lake, umri, makazi na kazi yake. Yanayohusu alichojua na alichokusudia usiku ule ayajibu akiwa amekwisha kuzungumza na wakili, na kama wakili hajapatikana kufikia siku hiyo, anaweza kuiomba mahakama iahirishe ili apewe nafasi. Kwa hiyo mama yako, pamoja na heshima zote, amekosea. Ibara ya 13 ya Katiba inamhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka itakapothibitishwa kwamba analo, lakini dhana hiyo haimsaidii mtu kujua wakati wa kupinga kielelezo.

Shamba msiuze. Wakili wa Mbeya anaweza kufika Ruanda asubuhi na kurudi ofisini kabla ya mchana, anaweza kwenda masjala kusoma jalada bila kuwatoza nauli na hoteli, na kesi ikiahirishwa kwa sababu shahidi hakufika hamtakuwa mmelipia safari ya kilomita zaidi ya 800 kwa ajili ya kusikia tarehe mpya. Wapo mawakili wazuri sana Dar es Salaam, na kuna kesi zinazohitaji ujuzi maalumu wa kuutafuta mbali, ila hii sioni kama ni mojawapo. Mtakapomchagua, muulizeni amewahi kuendesha kesi ngapi za jinai hadi hukumu, nani hasa atasimama mahakamani, na ada inafikia hatua gani. Akiwaambia kwamba anafahamiana na hakimu na atakwenda "kuongea naye", shukuruni na kuondoka, kwa kuwa anachouza hapo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na wanunuzi wake mtakuwa ninyi.

*Ndugu wakili, salaam. Mwanangu aligombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba la migomba, akampiga fimbo, jirani akapata jeraha mkononi. Wazee wamekaa, tumelipa gharama za hospitali, na jirani amesema kwa kinywa chake kwamba amesamehe. Polisi wanasema kesi inaendelea. Inawezekanaje?*
*Mzee wa Tukuyu, Rungwe*

Shikamoo mzee wangu. Inawezekana kwa sababu kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na jirani yako ndani yake ni shahidi. Hawezi kuifuta kwa neno lake, kama ambavyo mwanao hawezi. Hata hivyo kazi ya wazee haikupotea. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kati ya mtu na mtu, pale inapoona kwamba maslahi ya umma hayadai adhabu. Kwa hiyo tazameni kwanza hati ya mashtaka imeandika kosa gani. Ikisema shambulio la kawaida, wakili na aieleze mahakama juu ya suluhu, jirani awepo na aseme mwenyewe. Ikisema kudhuru mwili au kujeruhi vibaya, njia hiyo ni nyembamba zaidi, na hapo wakili ataandika kwa ofisi ya mashtaka kuomba ishushe shtaka au iliondoe, akiambatanisha makubaliano ya wazee. Mkumbuke kwamba shtaka lililoondolewa kabla ya utetezi kuanza linaweza kufunguliwa tena.

Naomba mambo mawili tu zaidi. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe mbele ya mtendaji, na fedha mlizolipa zitajwe kuwa ni za matibabu, maana fedha iliyotolewa gizani huonekana kama ya kumnunua shahidi. Pia, fomu namba 3 ya polisi, ile PF3, itakapopokelewa mahakamani, mwanao ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe ili ahojiwe. Ukubwa wa jeraha ndio unaotenganisha shtaka dogo na kubwa, na mara nyingi ni neno moja la daktari linaloamua.

*Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Nimeshtakiwa kuiba mbao za mwajiri. Nilichukua vipande vilivyobaki, jambo ambalo sote tulizoea kufanya na msimamizi alijua. Watu wa ofisini wananiambia nikiri, nitapigwa faini, tumalize. Nikiri?*
*Mfanyakazi, Mafinga*

Usikiri jambo ambalo hukulitenda, ndugu yangu, na kwa unavyoeleza sioni kama ulitenda wizi. Wizi unahitaji nia ya kuiba. Mtu aliyechukua mabaki akiamini kwa dhati kwamba ameruhusiwa, na msimamizi akijua, ana jambo la kuieleza mahakama. Ukisomewa shtaka ukasema "ni kweli nilichukua, lakini msimamizi aliruhusu", hakimu anapaswa kuandika maneno yako yalivyo na kuyachukulia kuwa ni kukana. Ukisema "ni kweli" ukanyamaza, maelezo ya kesi yakasomwa ukayakubali, utatiwa hatiani papo hapo, na sheria haikuachii rufaa dhidi ya hatia hiyo isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu, au kama utaonyesha kwamba kukiri kwako kulikuwa na utata au hakukuwa kukiri kwa kweli. Faini unayoahidiwa haimo mikononi mwa watu wa ofisini kwako, kwa kuwa adhabu hupangwa na hakimu. Tangu mwaka 2019 tunao utaratibu wa kisheria wa makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, ambao huandikwa na kusajiliwa mahakamani, na mahakama hujiridhisha kwamba mshtakiwa ameingia kwa hiari. Ukitaka njia hiyo siku moja, pita nayo ukiwa na wakili, na iwe kwa kosa ulilolitenda. Kwa sasa tafuta wafanyakazi wenzako wawili walio tayari kusema juu ya mazoea ya mabaki, kabla hawajahamishwa au kuogopeshwa.

*Mwanangu ana kesi ya mauaji. Kila tukienda Mahakama ya Wilaya Kyela hawamuulizi kama ni kweli au si kweli, wanaahirisha tu. Sina hela ya wakili. Mimi ni mjane na ninalima mpunga.*
*Mama wa mshtakiwa, Kyela*

Pole sana, mama. Mahakama ya Wilaya haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, ndiyo maana hawamuulizi. Inasubiri upelelezi ukamilike ili jalada lihamishiwe Mahakama Kuu, na huko ndiko atakakosomewa shtaka na kujibu. Kuhusu wakili, usiuze hata debe moja la mpunga kabla ya kusikia hili: katika kesi ya mauaji mbele ya Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili kwa gharama za Serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaeleza pia kwamba hakimu au jaji akiona haki inadai hivyo na mshtakiwa hana uwezo, atatoa amri apatiwe msaada, na sheria hiyo imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Hawa hawasimami mahakamani kumtetea mtu, lakini wanaweza kukuandikia barua, kukueleza hatua iliyofikiwa na kukuunganisha na watoa msaada. Waulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Wakili wa kupangiwa mara nyingi hukabidhiwa jalada kesi ikiwa imekaribia kusikilizwa, na ana majalada mengine mkononi. Ni mwanasheria kamili kama yule wa kulipwa, kwa hiyo usimdharau, ila msaidie kwa kumfuata wewe mwenyewe. Muulize msajili wa Mahakama Kuu kanda ya Mbeya jina la aliyepangwa mara tu tarehe itakapotoka, kisha umpelekee karatasi yenye majina ya watu waliokuwapo, simu zao, na historia ya kijana, hasa kama aliwahi kuugua akili, kifafa au kupata jeraha la kichwa. Mambo ya ugonjwa wazazi huyaficha kwa aibu, na mahakama haiwezi kuyapima kama hakuna aliyeyasema.

*Naomba nieleweshwe. Kuna mtu hapa kwetu aliua mbele ya watu na kila mmoja anajua, lakini wakili anamtetea. Hii ni haki kweli?*
*Msomaji, Ilula*

Ni haki, na mkoa wako una historia yake. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Said Mwamwindi, mkulima wa Isimani, alimuua kwa risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, kisha akaipeleka maiti polisi yeye mwenyewe. Kama kuna kesi ambayo watu wangeweza kusema haihitaji kusikilizwa, ni ile. Hata hivyo Mahakama Kuu iliisikiliza, utetezi ukatolewa na kupimwa, ndipo akahukumiwa kifo. Kujua nani aliyefyatua hakutoshi kulijibu swali la sheria, kwa kuwa mauaji ya kukusudia, ya bila kukusudia, ya kujihami na ya mtu asiye na akili timamu yote huacha maiti, na kila moja lina hukumu yake. Wakili huwapo ili swali hilo liulizwe mpaka mwisho. Haki hiyohiyo ndiyo itakayokulinda wewe siku jirani watakapokuwa na hakika juu yako, nao wakiwa wamekosea.

*Tulimlipa mtu milioni moja na nusu aliyejitambulisha kuwa wakili. Hakutoa risiti, siku ya hukumu hakuonekana, na kaka yetu amefungwa miaka mitatu na Mahakama ya Wilaya. Leo ni siku ya 31 tangu hukumu. Kuna la kufanya?*
*Familia, Iringa mjini*

Lipo, na wakati unawabana, kwa hiyo nitaanza na rufaa. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 za hukumu, na sababu za rufaa huwasilishwa ndani ya siku 45, zikiondolewa siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Nendeni gerezani kesho mkamuulize kaka yenu kama alijaza fomu ya kusudio, kwa sababu wafungwa hufanya hivyo kupitia mkuu wa gereza, na wengi hujaza siku za kwanza bila familia kujua. Kama alijaza, ombeni nakala masjala kwa barua, mtunze nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa, kwani ndiyo itakayothibitisha siku mlizosubiri. Kama hakujaza, Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda ikipewa sababu ya kutosha, na kutelekezwa na mtu mliyemwamini kuwa wakili ni sababu ya kuelezwa kwa kiapo. Kila siku inayopita bila hatua nayo itatakiwa kuelezwa, basi msingoje mwisho wa mwezi.

Kabla ya kumlipa mwingine, tafuteni jina lake katika mfumo wa mahakama wa e-Wakili, unaoonyesha mawakili walioandikishwa na kama wana leseni hai ya mwaka huu, au muulizeni Chama cha Wanasheria Tanganyika. Wakili wa kweli hatakasirika kuulizwa. Fanyeni hivyo pia kwa jina la yule wa kwanza. Akiwamo, malalamiko yapelekwe kwenye Kamati ya Mawakili pamoja na ujumbe wa simu na kumbukumbu za miamala mliyomlipa. Asipokuwamo, ni kishoka, na kujifanya wakili ni kosa la jinai, kwa hiyo mfungulieni jalada polisi. Malalamiko hayo yanaweza kusubiri wiki moja. Fomu ya kaka yenu haiwezi.